Mkeka ukitoka, jiji linapata mkurugenzi mpya

Mkeka wa uteuzi, yaani orodha ya viongozi walioteuliwa, ukitoka, hasa ukitoka usiku, magrupu ya WhatsApp ya watumishi wa halmashauri hayalali kabisa. Kila mtu anashuka na orodha anatafuta vitu viwili tu, nani anakuja kwetu na wa kwetu kapelekwa wapi au katenguliwa. Mimi nimefanya kazi halmashauri miaka mingi upande wa mipango, nimekaa chini ya wakurugenzi wa kila aina, na kiukweli kila mkeka ukitoka naumia kwa jambo lile lile, kwamba kazi ya Mkurugenzi wa Jiji ni nzito mno kwa namna tunavyowaweka na kuwaondoa hawa watu.

Mtaani anayejulikana ni Meya, ndio anavaa joho na mkufu, ndio anakata utepe. Lakini anayelishika jiji ni mkurugenzi. Yeye ndio afisa masuuli, yaani hela ya halmashauri ikitumika vibaya anayeulizwa ni yeye. Yeye ndio katibu wa baraza la madiwani. Walimu wa shule za serikali, manesi wa zahanati, watendaji wa kata na mitaa, wote wako kwake. Soko, stendi, dampo, machinjio, vibali vya ujenzi, kwake. Barabara za mitaa zilishahamia TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017, maji yana mamlaka yake, lakini shimo likichimbika mbele ya nyumba ya mtu atakayelalamikiwa ni "halmashauri", na diwani atasimama kwenye baraza aulize mkurugenzi anafanya nini.

Na mabosi wake sasa. Anateuliwa na Rais, anawajibika TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa, anakaa wilaya moja na DC (mkuu wa wilaya) na mkoa mmoja na RAS (katibu tawala wa mkoa), halafu bajeti yake inapitishwa na madiwani ambao hawakumchagua na hawawezi kumfukuza, ila wanaweza kumkwamisha. Juu ya hapo anakuja CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, na hoja zake za ukaguzi, zisipofungwa anaitwa Dodoma mbele ya LAAC, kamati ya Bunge ya hesabu za serikali za mitaa, wabunge wanamhoji kuhusu malipo ambayo pengine yalifanywa na mtu aliyekuwepo kabla yake. Hili nimeliona kwa macho, mkurugenzi mgeni hata nyumba hajapata anakesha na mweka hazina wanatafuta vocha za zamani ili ajibu hoja ambazo hazijui.

Chukua Dodoma uone ninachosema. Mei 2017 CDA ikavunjwa, mamlaka iliyokuwa inashika ardhi ya pale tangu 1973, kazi zake na viwanja vyake vikahamia manispaa, na Aprili 2018 manispaa ikawa jiji. Ghafla mkurugenzi akawa na ardhi ya makao makuu ya nchi mkononi, viwanja vikauzwa, mapato ya ndani yakapanda hadi Dodoma ikaongoza nchi nzima. Watu wakashangilia, na mimi pia nilifurahi sana manake hela ile ilijenga vitu vinavyoonekana. Lakini kiwanja ukishakiuza umekiuza, mwaka unaofuata hukiuzi tena. Kutoka kuuza ardhi mpaka kuishi kwa kodi za vibanda, stendi, masoko na ushuru wa huduma, hiyo ni kazi ya miaka kumi, inataka mtu anayejua atakuwepo. Sasa mtu anayelala akiwaza mkeka atapanga vipi miaka kumi? Atafanya la kuonekana mwaka huu, na simlaumu.

Dar nayo ina historia yake. 1996 serikali ililivunja baraza la jiji, ikaleta Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja mpaka 2000, ndio zikaja manispaa za Ilala, Kinondoni na Temeke. Februari 2021 halmashauri ya jiji ikavunjwa tena na Ilala ikapandishwa kuwa Jiji la Dar es Salaam. Wanaobaki na mafaili kila mabadiliko haya yakipita ni watumishi wa chini, na mara nyingine mafaili yenyewe hayaonekani.

Vijana waliosoma Chuo Kikuu Mzumbe au Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo wananiuliza njia ya kufika kwenye kile kiti. Nawajibu ukweli, ngazi iliyonyooka haipo. Unaweza kuanza afisa mipango, ukawa mkuu wa idara, ukakaa CMT, timu ya menejimenti ya halmashauri, miaka kumi na tano, halafu mkeka ukamleta mtu ambaye hajawahi kufunga hesabu za halmashauri hata mara moja. Julai 2016 waliteuliwa wakurugenzi 185 kwa mpigo, wengi wageni kabisa na serikali za mitaa. Wapo waliojifunza haraka wakafanya vizuri sana, hilo nalisema kwa moyo mweupe, ila halmashauri ndio ililipa ada ya kujifunza kwao.

Wenzetu Kenya sheria yao ya miji ya 2011 inataka meneja wa jiji apatikane kwa ushindani kupitia bodi ya utumishi ya kaunti. Marekani mji wa Dayton ulishika mfumo wa kuajiri meneja mtaalamu baada ya mafuriko ya 1913, na 1914 mameneja wakaunda chama chao cha taaluma, chenye miiko inayowakataza kujiingiza kwenye siasa. Kwetu mkurugenzi ndio alikuwa anasimamia uchaguzi jimboni. Mei 2019 Mahakama Kuu ikasema haifai, Oktoba mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikatengua hukumu hiyo. Mtu akitangaza matokeo leo, kesho atakaaje na diwani wa chama kingine wakubaliane pa kuweka dampo?

Ninachotaka mimi ni nafasi itangazwe, sifa ziandikwe, watu wafanyiwe usaili, mkataba uwe wa miaka mitano wenye malengo ambayo baraza la madiwani linayajua, na akiondolewa kabla ya muda sababu iandikwe. Na makabidhiano yawe ya wiki nzima, vocha kwa vocha, kabla yule wa zamani hajapanda gari.