Nilivyoilinda asali yangu kwa rangi ya kucha

Chupa tupu za asali yangu ziliwahi kuwa na soko lake hapa Dodoma. Kuna watu walizinunua kwa waokota chupa, wakaziosha, wakazijaza sukari guru iliyochemshwa na kutiwa asali kidogo ya kuleta harufu, kisha zikarudi madukani na lebo yangu ile ile, ya kweli, niliyoilipia mwenyewe kwa mchapishaji. Malalamiko yalipoanza kunifikia sikuwa na la kumwonyesha mteja. Chupa ni yangu, lebo ni yangu, namba ya simu iliyoandikwa pale ni yangu. Kilichomo ndani tu ndicho si changu. Bibi mmoja wa Chang'ombe, mteja wangu wa miaka, aliniuliza kwa upole, "Mwanangu, siku hizi mnatupa nini? Hii haina harufu ya pori." Maneno yake yaliniuma kuliko hasara.

Asali ninayouza inatoka Itigi, kwa warina asali ambao wengine wao walikuwa wakifanya kazi na marehemu baba yangu. Wanabeba mizinga porini, wanasubiri msimu, wanachuja kwa uangalifu. Jina linaloharibika kwenye chupa yangu linaharibika kwao pia, na wao hawana duka la kujitetea. Kwa hiyo sikuweza kuliacha jambo lile lipite.

Watu wengi walinishauri nibandike hologramu. Kariakoo zinauzwa kwa roli: stika za fedha zinazotoa rangi za upinde wa mvua ukizigeuza, zimeandikwa kwa Kiingereza kwamba bidhaa ni halisi. Niliishika roli moja mkononi nikamuuliza muuzaji kama ananiuzia mimi peke yangu. Akasema, "Dada, hii kila mtu anachukua." Jibu hilo lilinitosha. Stika ambayo mchakachuaji anaweza kuinunua meza ile ile niliyoinunua mimi inamlinda nani?

Baadaye nilijifunza kwamba hata hologramu ya kuagiza, yenye nembo yako mwenyewe, ina udhaifu wa namna hiyo hiyo. Rangi zake hazitokani na wino. Uso wa plastiki umekandamizwa mistari myembamba mno, ambayo nafasi kati ya mmoja na mwingine ni karibu sehemu moja ya elfu ya milimita, na mwanga ukiipiga unatawanyika kwa rangi, kila rangi na upande wake. Ni ufundi wa hali ya juu, na MasterCard waliuweka kwenye kadi zao mwaka 1983 kwa sababu wakati huo ni wachache walioweza kuuiga. Lakini mistari ile inachapwa kwa kibao cha nikeli, na kibao kimoja kinatoa stika nyingi mno zinazofanana. Mwenye mtambo wa aina hiyo anaweza kutengeneza kibao chake. Ndivyo ilivyokuwa Kusini-mashariki mwa Asia kwa dawa ya malaria ya artesunate: pakiti za kweli ziliwekewa hologramu, wahalifu nao wakachapa za kwao. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2008, ambao Interpol walishiriki, ulikuta hologramu za bandia za aina kadhaa, nyingine zimekaribia sana zile halisi, huku vidonge vyenyewe vikiwa na dawa kidogo au havina kabisa. Watu waliokuwa wakitetemeka kwa homa waliiamini ile picha inayong'aa. Kila nikilifikiria hilo napata hasira.

Aliyenionyesha njia ni mtoto wa kaka yangu, anayesoma fizikia Chuo Kikuu cha Dodoma. Alikuja nyumbani likizo akanikuta nimetandaza stika mezani. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Shangazi, usitafute alama ambayo mwizi hawezi kuitengeneza. Tafuta alama ambayo hata wewe mwenyewe huwezi kuitengeneza mara ya pili."

Akanieleza kwamba wazo hilo lina historia. Mwishoni mwa Vita Baridi, Marekani na Wasovieti walipokuwa wakikubaliana kupunguza silaha, ilibidi pawe na namna ya kuhakikisha kwamba silaha iliyohesabiwa jana ndiyo inayokaguliwa leo. Watafiti wa maabara ya Sandia, huko Marekani, walipaka plastiki angavu iliyochanganywa na chembe za madini yanayometameta, wakaipiga picha huku taa zikimulika kutoka pande mbalimbali. Chembe zilijilaza zenyewe zilivyotaka, na hakuna aliyeweza kuzilaza tena vile vile. Mwaka 2002 watafiti wa MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, walifanya jambo la jamaa hiyo kwa kupitisha leza kwenye kipande cha plastiki chenye punje ndogo za kioo ndani yake. Na mwaka 2005 wenzao wa Imperial College London walionyesha kwamba hata karatasi ya kawaida ina alama yake ukiipitishia leza, na alama hiyo ikatambulika hata baada ya karatasi kukunjwakunjwa na kuloweshwa maji.

Leza sina, lakini rangi ya kucha yenye glita, vile vichembe vinavyometameta, inauzwa Soko la Majengo, na simu ninayo.

Wazo lenyewe ni rahisi ukilishika. Kila chembe ya glita ni kipande cha plastiki kilichopakwa alumini, kwa hiyo ni kioo kidogo. Rangi ikikauka, kila kioo kinakuwa kimelala kwa mwinamo wake. Ukipanda kilimani saa za jioni ukatazama mabati ya mji, utaona paa moja linawaka na la jirani limefifia. Ukisogea hatua chache lile linazimika na jingine linawaka. Glita inafanya hivyo hivyo. Tochi ikiwa kushoto zinawaka chembe hizi, ukiipeleka kulia zinawaka zile. Mtu akipiga picha lakiri yangu, yaani mstari wa rangi hiyo ninaofungia chupa, na kuichapa kwenye karatasi, doa jeupe litabaki doa jeupe tochi ikizunguka kokote. Ili anidanganye, inabidi apange chembe moja moja mahali pake na kwa mwinamo wake, chini ya rangi inayokauka. Kwa chupa moja ya asali? Hakuna faida inayolipa kazi hiyo.

Sasa nieleze ninavyofanya, maana wajasiriamali wenzangu wananiuliza sana.

Napaka mstari mmoja unaoanzia kwenye kifuniko na kushuka mpaka shingoni mwa chupa, ukivuka pale viwili hivyo vinapokutana. Hapo ndipo penye kazi yote. Ukipaka juu ya kifuniko peke yake, mtu ataondoka na kifuniko chako kizima. Mstari ukivuka maungio, chupa haifunguki bila rangi kukatika, na ikishakatika haiungi tena: hata akiongeza rangi juu, chembe mpya zitakuwa zimeingia kwenye mchoro. Kabla ya kupaka nafuta kwa spiriti, kwa sababu asali na mafuta ya vidole huifanya rangi ibanduke kama ganda. Napaka tabaka jembamba. Zito hupasuka lenyewe. Na kwa vumbi la Dodoma ilivyo kiangazi, chupa zinakaushwa chini ya beseni safi lililofunikwa.

Glita nayo ina uchaguzi wake. Ile laini kama unga haifai, kamera ya simu ya kawaida inaiona kama ukungu mmoja. Ile kubwa tupu haifai pia, maana chembe zinakuwa chache na mtu mwenye subira anaweza kujaribu kuzipanga. Nachukua rangi ya kucha isiyo na rangi, naichanganya na glita ya fedha ya saizi mbili tofauti. Nasisitiza fedha, kwa sababu za rangi hupauka dirishani mwa duka.

Picha napigia ndani ya boksi la viatu lililopakwa rangi nyeusi kwa ndani. Juu nimetoboa tundu la kamera, kushoto tundu la tochi, kulia tundu jingine. Chini nimekata kadibodi inayoshika shingo ya chupa ili kila chupa ikae vile vile. Flashi ya simu inazimwa. Mwanga unatoka kwenye simu ya pili, kwanza kushoto, kisha kulia. Picha mbili kwa kila chupa, na jina la picha ni namba niliyoiandika kwenye lebo kwa peni isiyofutika.

Kisha likaja swali lililotufikirisha zaidi mimi na mpwa wangu: mteja azione wapi picha hizo? Wengi walisema niweke msimbo wa QR kwenye lebo. Nilikataa, na mpaka leo nakataa. Msimbo unakupeleka anakotaka aliyeuchapa. Mchakachuaji atachapa wa kwake, atapaka glita yake, ataweka picha zake, na mteja ataona kila kitu kimelingana. Kanuni yangu ni kwamba picha na chupa zisisafiri pamoja. Mzigo unakwenda kwa bodaboda. Picha natuma mwenyewe kwa WhatsApp kwa kila mwenye duka ninayemfahamu, kwa namba tuliyopeana ana kwa ana. Mteja akitaka kuhakiki, mwenye duka anafungua simu, wanalinganisha pamoja pale pale. Wateja wa kudumu wamehifadhi namba yangu, wananitumia namba ya chupa, nawarudishia picha zao mbili.

Kuwafundisha wenye maduka kulichukua muda kuliko kutengeneza boksi. Mtu wa duka ana foleni na hana nafasi ya somo la mwanga. Nikaacha maelezo yote nikabaki na maagizo mafupi: ingia kivulini, mulika kushoto, shika kwa macho chembe tatu zinazowaka zaidi, peleka tochi kulia, hakikisha hizo tatu zimezimika na nyingine zimewaka kama kwenye picha. Mama mmoja wa duka la karibu na stendi alilishika upesi kuliko wote, akawa anawafundisha wenzake. Na ndiye aliyenipigia simu siku alipoletewa chupa zenye lakiri iliyoonekana nzuri kabisa. "Mama Asali, nimemulika huku na huku, haibadiliki." Ilikuwa picha iliyochapwa kwenye stika ya kung'aa. Alizikataa zote mbele ya aliyezileta. Nilishukuru hadi machozi yakanitoka.

Tangu lakiri ilipozoeleka, chupa yangu tupu imepoteza thamani kwa waliokuwa wakiitafuta. Mteja wa duka lililofundishwa hanunui chupa yenye mstari uliokatika, hata lebo iwe mpya kiasi gani. Bibi wa Chang'ombe amerudi, na sasa anamwagiza mjukuu wake amulike kabla ya kulipa.

Yapo maeneo ambayo njia hii haifiki. Mwenye simu ya kitochi hawezi kupokea picha. Anachoweza ni kukagua kama mstari umekatika, na kuomba msaada wa mwenye duka. Maduka ya pembezoni nisiyoyafahamu siwatumii picha, kwa hiyo siwauzii. Na lakiri inasema jambo moja tu, kwamba chupa hii nimeifunga mimi na haijafunguliwa tangu hapo. Haisemi asali ina maji kiasi gani wala ina ubora gani. Hilo linapimwa na TBS, Shirika la Viwango Tanzania, na mtu asidhani glita inachukua nafasi ya vipimo. Pia kwa mwenye kiwanda cha kutoa maelfu ya chupa kwa siku, kupaka na kupiga picha kwa mkono hakuwezekani. Kwangu mimi, kwa mzigo wa wiki, binti yangu na mimi tunamaliza jioni moja tukiwa tunapiga soga.

Sasa tumeanza kuifanya kazi hii huko huko Itigi, kwenye ndoo za lita ishirini, kabla hazijapanda gari. Mrina asali anapaka mstari kwenye maungio ya mfuniko na ndoo, anapiga picha mbili kwa simu ya kikundi, ananitumia. Ndoo ikinifikia Dodoma naimulika kabla ya kuishusha. Kwa ndoo tunatumia vanishi ya mbao badala ya rangi ya kucha, kwa kuwa inavumilia zaidi mitikisiko ya barabara, na mstari tunaupaka mara mbili, upande huu na upande wa pili, maana mfuniko mpana unaweza kuinuliwa upande mmoja bila kugusa mwingine.