Mzula wa tabaka mbili kwa mashine ya kufuma ya mviringo

Mzula uliofumwa tabaka moja, hata kwa uzi mnene, upepo unapenya. Kinachozuia baridi ni hewa iliyotulia, na hewa hutulia vizuri ikibanwa katikati ya tabaka mbili. Hapo ndipo mashine ndogo ya mviringo, ile ya kuzungusha kwa mkono, inapofaa. Inatoa bomba refu lisilo na mshono; unafunga ncha zote mbili, unasukuma nusu moja ndani ya nusu nyingine, unakunja ukingo, na masikioni zinakuwa tabaka nne.

Idadi ya sindano, zile zenye ndoano zilizopangwa duara kwenye mashine, ndiyo ukubwa wa kofia. Mashine kubwa ya chapa ya Sentro ina sindano 48, ile ya addi Express King ina 46, na zote mbili zinamtosha mtu mzima. Ya sindano 40 ni ya watoto. Ya sindano 22 bomba lake linatosha kifundo cha mkono, kwa hiyo usiinunue kwa ajili ya kofia. Upana huwezi kuuongeza wala kuupunguza sana. Unachoamua wewe ni urefu na mkazo wa uzi.

Uzi unaofaa ni wa unene wa kati, ule wenye namba 4 kwenye lebo, ambao bonge la gramu 100 huwa na mita kama 160 hadi 200. Mnene mno hukwama kwenye ndoano za plastiki na unaweza kuzivunja. Mwembamba sana hutoa kitambaa cha wavu. Sufu hubaki na joto hata ikiwa na unyevu kidogo, ila soma lebo: sufu ambayo haikutengenezwa kwa kufuliwa kwa mashine ikikutana na maji moto na msuguano hushikamana na kunywea, na hairudi tena. Akriliki ni nyepesi, haiwashi na inafulika. Pamba iache, inanyonya jasho na kukaa nalo.

Kabla ya kofia yenyewe, fuma mizunguko 20 ya majaribio, itoe kwenye mashine, iache ipumzike kama nusu saa, kisha ipime ikiwa imelala mezani. Usipime ikiwa bado inaning'inia kwenye sindano, maana hapo imevutwa na itakudanganya. Tuseme mizunguko 20 imetoa sentimita 9.5: ni mizunguko 2.1 kwa kila sentimita. Kofia ya mtu mzima inahitaji kama sentimita 20 kutoka utosini hadi chini ya masikio, ongeza 7 za kukunja, jumla 27. Zidisha kwa 2 kwa sababu ya tabaka mbili, unapata 54. Mara 2.1 ni 113 na kidogo. Fuma 114 ili nusu iwe 57 kamili. Ukisikia watu wakitaja mizunguko 110 au 120, hesabu yao ilitoka kwenye uzi wao, si wako.

Mizani ya jikoni inasaidia pia. Pima bonge, fuma mizunguko 10, pima tena. Ikiwa imekula gramu 8.5, basi mizunguko 114 itakula gramu 97, na bado hujahesabu mikia ya kufungia. Bonge la gramu 100 hapo linatosha kwa shida. Salama ni kufuma nusu ya ndani kwa rangi nyingine, ukikumbuka kwamba ukingo ukikunjwa juu, rangi ya ndani ndiyo itakayoonekana usoni.

Sasa mzunguko wa kwanza, ambao haufai kuharakishwa hata kidogo. Hakikisha swichi iko upande wa bomba, si upande wa kitambaa bapa. Chukua uzi laini wa rangi tofauti kabisa, huu ni wa kuanzia na baadaye utatolewa. Anza kwenye sindano yenye rangi yake ya pekee: pitisha uzi ndani ya ndoano, sindano inayofuata upitishe nyuma yake, inayofuata ndani ya ndoano, hivyo hivyo ndani na nyuma, huku ukizungusha mkono polepole mpaka ufike ulipoanzia. Hapo ndipo uzi unaingizwa kwenye kiongoza uzi. Mzunguko wa pili uende nao taratibu, ukitazama kila sindano inaposhuka kama imebeba uzi. Sindano moja ikikosa hapa, inaweza kuacha tundu. Fuma mizunguko 8 ya uzi huu wa kuanzia, simama karibu na sindano ya alama, ukate, uache mkia udondoke katikati ya mashine, kisha ingiza uzi wa kofia ukiacha mkia wa sentimita 60.

Kuanzia hapo kazi ni mkazo. Kiongoza uzi kwa kawaida kina nafasi za kukaza na kulegeza. Uzi namba 4 weka katikati. Ukilegea mno, uzi huruka ndoano. Ukikaza mno, mkono unakuwa mzito, vitanzi vya zamani vinakataa kuvuka, na sindano moja inabaki na vitanzi viwili. Lakini mara nyingi lawama si ya mashine, ni ya bonge. Uzi unaovutwa kutoka nje ya bonge hukwama, bonge linabingirika, uzi unaachia ghafla, na katika ule mshtuko sindano mbili tatu zinapita bila kushika. Lisokote upya ili uzi utokee katikati, liweke kwenye bakuli chini ya meza, na kila baada ya mizunguko michache vuta mita mbili uziache zimelegea sakafuni. Hilo peke yake huondoa sehemu kubwa ya makosa.

Bomba likifika mizunguko 10 hivi, livute chini kwa vidole kidogo, pande zote sawasawa. Vibanio vya nguo vinne vikiwa vimegawanywa kuzunguka ukingo vinatosha kuwa uzito. Ukining'iniza kitu kizito, vitanzi hurefuka, kofia inakuwa ndefu na nyembamba, na ikifuliwa inajirudi na kuwa fupi.

Kihesabio cha mashine usikiamini peke yake, maana hupitwa na mizunguko na kinaweza kuongeza namba hata ukirudi nyuma. Funga kipande cha uzi wa rangi kwenye kitanzi kila baada ya mizunguko 20, na kingine cha rangi tofauti kwenye nusu. Huo wa nusu ndio utakaokuonyesha mahali pa kukunjia.

Kitanzi kikiachia, utaona ngazi: vijiti vya uzi vilivyolala kimoja juu ya kingine bila kufungwa. Simama, choma pini ya kufungia kwenye kitanzi kilichobaki chini ili kisiendelee kushuka. Kisha ingiza sindano ya kroshia ya milimita 4 kwenye kitanzi hicho kutoka mbele, shika kijiti kilicho juu yake, kivute kipite ndani. Kinakuwa kitanzi kipya. Panda hivyo hadi juu na ukirudishe kwenye ndoano. Ukishika kijiti cha juu na kuruka cha chini, kilichorukwa kitaonekana, basi hesabu.

Mwishoni acha tena mkia wa sentimita 60, fuma mizunguko 8 ya ule uzi wa rangi tofauti, ukate, kisha zungusha bila uzi mpaka bomba lote lidondoke.

Kufunga ncha ndiko wengi huharibu. Tunga mkia kwenye sindano butu ya sweta, pitia vitanzi vyote 48 (au 46, kulingana na mashine) vya mzunguko wa mwisho wa uzi wa kofia, uvihesabu, ndipo uondoe uzi wa rangi. Kitambaa hufumuka kwa urahisi kutoka kilipoishia, hakifumuki kutoka kilipoanzia. Kwa hiyo upande wa mwisho vuta tu, unatoka wote. Upande wa mwanzo kata uzi wa rangi mzunguko mmoja juu ya uzi wa kofia na uchomoe vipande kimoja kimoja. Sasa vuta mkia wa uzi wa kofia ili ncha ijifunge, ila kuuvuta kwa nguvu mara moja hukata uzi. Finya kidogo, panga mikunjo kwa vidole, finya tena. Pitisha sindano mara ya pili kwenye vitanzi vyote, kisha shona tundu kwa kukatiza katikati mara nne, kama nyota. Mafundo na mikia yote iingie ndani ya bomba kabla hujafunga ncha ya pili.

Sukuma ncha moja ndani mpaka tosi mbili zikutane, kisha zishone pamoja mishono mitatu. Bila mishono hiyo, tabaka la ndani litatoka na kichwa kila mzula unapovuliwa.

Loweka kwenye maji vuguvugu, kamua kwa kubana ndani ya taulo bila kusokota, anika ikiwa imelala. Akriliki usiipige pasi wala mvuke: joto hulaza nyuzi, mnyumbuko unakufa, na ukingo hautabana masikio tena.