Programu iandike, simu ilipe

Ukiniuliza ni programu gani ya kompyuta itakayokulipia bili za nyumbani hapa Dar bila kukukata ada, jibu langu ni fupi: usiitafute. Bili hulipwa kwenye simu au benki. Programu ya hesabu kazi yake kuandika. Ukiziacha kazi hizo mbili kila moja na mahali pake, makato mengi unayoyalalamikia utayaona yanakotokea, na ukishayaona utayakwepa.

Mimi ni karani wa hesabu kwenye duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo, upande wa Gerezani. Mchana naandika mabati na misumari ya watu. Jioni nikishafika Segerea na watoto wameshakula, naandika ya kwangu. Natumia GnuCash. Ni ya bure, haihitaji bando kufunguka, na inashika hesabu za pande mbili kama tulivyofundishwa chuoni: kila shilingi iliyotoka mahali lazima ionekane imeingia pengine. Urembo haina. Sura yake ni ya ofisi ya miaka ya tisini, na kwa kweli huko ndiko ilikozaliwa.

Mdogo wangu yuko Marekani, na kwa muda mrefu alikuwa ananicheka. "Dada, mbona unajitesa? Huku programu inalipa yenyewe." Yeye anatumia Quicken. Siku moja akanionyesha kwa video: anachagua bili, anaweka kiasi, anabonyeza, basi. Nikamuuliza pesa inamfikiaje mwenye nyumba wake, ambaye ni mzee na hana mambo ya mtandao. Akasema benki inachapisha cheki ya karatasi na kumpelekea kwa posta. Nilicheka mpaka nikaweka simu chini. Sisi huku mama wa vitumbua ana Lipa Namba ameibandika kwenye ndoo.

Lakini nilipomdodosa kuhusu ada ndipo nilipopata la maana. Baadhi ya benki za kule hutoza ada ya kila mwezi ili programu iunganishwe moja kwa moja na akaunti yako, ilhali ukiingia kwenye tovuti ya benki ileile unalipa bili hizohizo bure. Kwa hiyo siku hizi mdogo wangu analipa kwenye tovuti ya benki, kisha anapakua faili ya miamala na kuiingiza kwenye programu. Yaani kazunguka kote huko akanikuta nilipo. Halafu programu zenyewe huja na kuondoka. Microsoft walikuwa na yao iliyoitwa Money, wakaacha kuiuza mwaka 2009. Aliyekuwa akiandikia tu humo alihamisha kumbukumbu zake akaendelea; aliyekuwa amefunga na malipo yake humo ilibidi ayapange upya pengine.

Sasa tuje kwetu.

Mimi kuyatenga makato kwenye hesabu kulianza Julai 2021, zilipokuja zile tozo za miamala. Mnakumbuka. Kutuma au kutoa pesa kwenye simu kuliongezwa tozo ya kuanzia shilingi 10 hadi 10,000, kutegemea kiasi, na juu yake ada ya kawaida ya mtandao ikabaki palepale. Baada ya kelele zikapunguzwa kwa asilimia 30 mwaka huohuo, na miaka iliyofuata zikaendelea kupunguzwa. Watu wakarudi kubeba noti. Mimi nikafungua akaunti kwenye GnuCash nikaiita Makato, na chini yake nikaweka vijiakaunti vinne: kuhamisha, kutuma, kutoa, kulipa bili. Kila meseji ikiingia, makato yake nayatenga na kuyaweka panapostahili, hata yawe ya shilingi mia na kitu.

Mwisho wa mwezi nilitarajia kulipa bili ndiko kutakuwa kumenimaliza. Wapi! Kijiakaunti cha kulipa bili kilikuwa karibu kitupu. Kilichonenepa ni kutoa, na nyuma yake kuhamisha.

Sababu ni rahisi ukiifuata pesa njiani. Mshahara unaingia benki. Mimi nilikuwa nauhamishia kwenye simu: benki inakata, na ada ya benki nayo inabeba VAT na ushuru wa bidhaa. Kutoka kwenye simu namtumia dada wa kazi hela ya maji na king'amuzi akalipe kwa wakala: mtandao unakata. Yeye anatoa: unakata tena. Bili ya maji ya DAWASA yenyewe haijaongezeka hata shilingi, lakini mpaka pesa iifikie imeshapita vituo vitatu na kila kituo kina konda.

Dawa ikawa kufupisha njia. Malipo mengi ya serikali na mashirika yake siku hizi yana namba ya malipo ya tarakimu 12 inayoanza na 99, ile tunayoiita kontroli namba. Bili ya maji inakuja na yake kwenye meseji. Namba ni hiyohiyo ukilipia kwa wakala, kwenye simu au kwenye programu ya benki; kinachobadilika ni nani anakukata na kiasi gani. Kwa hiyo nalipa kutoka pale pesa ilipolala. Kama mshahara uko benki, nalipa kwa benki moja kwa moja, siuhamishi kwenda simu ndipo nilipe. Kabla ya kuweka namba ya siri nasoma skrini ya mwisho: jina la anayelipwa, kiasi, makato. Nikiona makato, naghairi na kujaribu njia ya pili. Hakuna anayekutoza kwa kughairi.

Kusoma jina nako si kwa ajili ya ada tu. Mji huu bado una watu wanaokutumia "ile hela tuma kwenye namba hii" kana kwamba mlikuwa mmeshaongea. Kontroli namba inaleta jina la taasisi kwenye skrini. Likija jina la mtu binafsi, funga simu ukaendelee na kazi zako.

Sasa umeme, ambao ndio raha yangu. Meseji ya LUKU, ule umeme wa kulipia kabla, haifichi kitu. Nina moja ya Machi 2024, manunuzi ya pili ya mwezi ule, ya shilingi 10,000. Umeme wenyewe 8,196.72. VAT asilimia 18, yaani 1,475.41. EWURA, wadhibiti wa nishati na maji, asilimia 1, yaani 81.97. REA, wa umeme vijijini, asilimia 3, yaani 245.90. Jumlisha: elfu kumi kamili, hakuna aliyemega njiani. Chukua hiyo 8,196.72 ugawe kwa 292, bei ya uniti kwa sisi wa daraja la kawaida, T1, unapata uniti 28.1, na ndizo zilizokuja. Watu wananiambia "LUKU inakula hela", mimi nawaambia leteni meseji tupige hesabu. Mama yangu yuko Mbagala, nyumba ya vyumba viwili, taa na friji dogo, mita yake iko D1, daraja la watumiaji wadogo, ambako uniti ni shilingi 100 kabla ya kodi mradi usivuke uniti 75 kwa mwezi. Yeye elfu tano inamletea uniti 41 hivi. Nikimnunulia huwa ananipigia simu: "Mwanangu, umekosea, umeniwekea nyingi." Kila mara.

Manunuzi ya kwanza ya mwezi ni habari nyingine, maana humo ndimo inamokatwa kodi ya jengo. Utaratibu huo ulianza Agosti 2021 kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ukapanda hadi 1,500 mwaka 2023. Weka 10,000 tarehe mosi: 1,500 inaondoka kwanza, inabaki 8,500, na uniti zinakuja 23.9 badala ya 28.1. Wapangaji wengi wanaiona hiyo kama ada ya kulipia kwa simu, wanaulaumu mtandao bure. Siyo ada. Ni kodi, na kodi ya jengo ni ya mwenye jengo. Mimi jengo sina, nina makochi.

Hapa ndipo programu ilipojilipa yenyewe, ingawa sikuinunua. Kila manunuzi ya kwanza ya mwezi nayagawa mafungu: umeme kwake, VAT na wenzake kwao, na ile 1,500 siiweki kwenye matumizi kabisa. Naiweka upande wa mali, kwenye akaunti inayoitwa Baba mwenye nyumba, kwa sababu ni pesa yangu iliyoko kwake. Sisi tunalipa pango la miezi sita kwa mkupuo, 250,000 kwa mwezi, jumla 1,500,000. Ilipofika zamu nikamfuata kibarazani nikiwa na karatasi moja niliyochapisha kazini.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama Neema. Umeniletea zangu?"

"Nimekuletea, ila kuna 9,000 naidai hapa." Nikamwonyesha mistari sita, kila mmoja na tarehe yake na namba ya muamala.

Akaisoma karatasi juu mpaka chini, akaigeuza kuona kama nyuma kuna kitu. "Hii si LUKU? LUKU si unatumia wewe?"

"Umeme natumia mimi, baba. Jengo ni la kwako."

Alinyamaza, kisha akacheka, akasema haya, leta 1,491,000. Nikaona amelainika nikaongeza la pili. Yeye alizoea tumtumie kwenye simu "na ya kutolea", na kwa kiasi kama kile ya kutolea si ya kubeza. Kumbe ana akaunti kwenye benki ileile ninayopokelea mshahara. Tangu hapo nahamisha humohumo ndani ya benki, na kwa benki yangu uhamisho huo hauna makato. Miaka yote alikuwa hajaniambia kwa sababu sikuwa nimemuuliza.

King'amuzi sina la kusema, nalipa kwa simu na siku nikisahau watoto wananikumbusha. Intaneti ya nyumbani sina, natumia bando.

Faida nyingine ya kuandika nimeiona siku muamala ulipokwama. Pesa imekatwa, tokeni haikuja, usiku, na mita inalia. Huduma kwa wateja wa mtandao fulani wakaniambia hawaoni kitu. Mimi kwenye GnuCash kile kisanduku cha namba ya hati naweka kumbukumbu ya muamala kutoka kwenye meseji, kila mara, na meseji hata nikifuta haijalishi. Nikawasomea kumbukumbu, tarehe na dakika. Wakaiona. Tokeni ya tarakimu 20 ikaja kabla sijamaliza kuwashukuru.

Mtu ataniuliza kwa nini basi nisiiunganishe na benki ili miamala iingie yenyewe. GnuCash inao uwezo huo kwa mifumo ya nje, Ujerumani hasa, na Marekani. Hapa napakua taarifa ya benki kama faili ya CSV, naiingiza, na inayobaki naandika kwa mkono. Sioni tabu. Napenda pia kwamba kompyuta yangu ikiibiwa kwenye daladala la Segerea, mwizi atajua nimekula maharage mangapi lakini hana namba ya siri hata moja ya kumsaidia. Kilichomo ni kumbukumbu. Ufunguo uko kichwani kwangu. Miamala ya kila mwezi nimeipanga ijitokeze yenyewe siku mbili kabla ya tarehe yake, nami ndiye ninayefungua simu kulipa.

Kimebaki kitu kimoja kilichonishinda: taka. Kijana wa mkokoteni anapita na kitabu chake cha risiti, anataka noti mkononi. Nimeshamwambia anipe namba nimtumie, akasema "sawa mama, na ya kutolea". Kwa hiyo namtafutia noti. Makato ya kutoa yanapangwa kwa madaraja, kutoa kidogokidogo mara nyingi kunakula zaidi kuliko kutoa mara moja, hivyo natoa kwa mkupuo siku ya kwenda soko la Buguruni, na yale makato nayagawa kwenye programu kati ya mboga, nauli na taka kwa uwiano wa kila kimoja. Baba Neema anasema hapo nimezidisha. Mwezi uliopita sehemu ya taka ilikuwa shilingi 94.