Grini ya Baba Uani Kwetu Ganjoni

Kwa miaka tisa niliyoishi Phoenix, katika jimbo la Arizona, riziki yangu imetokana na kutandika nyasi bandia katika nyumba za watu, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni grini ndogo za gofu, ambako mwenye nyumba hutoka jioni na fimbo moja na mipira michache akajizoeza kuiviringisha hadi shimoni. Mwezi wa Februari nilipopata likizo ya wiki nne, nilijenga moja nyumbani kwetu Mombasa, kwa ajili ya mtu aliyenionyesha mchezo huu kabla sijajua kwamba iko siku ungenilisha.

Baba yangu alibeba mikoba ya wachezaji katika Klabu ya Gofu ya Mombasa tangu ujana wake. Uwanja ule, ulioanzishwa mwaka 1911, una mashimo 9 tu, nao umekaa juu ya majabali kando ya barabara ya Mama Ngina, mahali ambapo meli zinazoingia Kilindini huonekana kana kwamba zinapita kati ya wachezaji. Kutoka kwetu Ganjoni si mbali, lakini magoti ya Baba hayaumudu tena mwendo huo, na kila nilipompigia simu aliniuliza habari za grini za huko kwa hamu ambayo ilinichoma moyo. Nilikuwa nikiwajengea wageni kitu ambacho yeye angekifurahia zaidi yao wote.

Nyasi zenyewe nilizitanguliza kwa meli, katika kontena tulilochangia watu kadhaa. Sikutaka kununua zulia la nyasi ndefu linalotandikwa kwenye roshani, kwa maana nyuzi zake za sentimita tatu au nne huukamata mpira ukasimama njiani. Nyasi za grini ni fupi, kama milimita 12 hivi, zimesongamana na kujikunja kama manyoya ya kondoo. Nilichagua mkunjo wenye upana wa futi 15, yaani takriban mita 4 na nusu, ili nisiunge vipande viwili, kwa sababu kiungo ndicho huachia kwanza.

Kabla ya kugusa jembe ilinibidi niombe ruhusa, maana uani ni kwa Mama. Ndiko anakofulia, anakoanika, anakokuna nazi, na ndiko majirani zake wanakoketi alasiri. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Uani mwangu sikuuza, mwanangu, nimemwazima babako." Tukakubaliana kwamba upande wa jikoni ubaki wake wote, kamba ya nguo ihamishiwe ukutani, na maji ya sabuni yapitie mfereji wa pembeni bila kugusa nyasi. Mimi nilibakiwa na mita 4 kwa 5 na nusu, sehemu kubwa ikiwa kivulini mwa mkilifi. Kivuli hicho nilikishukuru, kwani nyasi bandia hupata moto kuliko udongo. Kule Phoenix mchana wa kiangazi huwezi kuzikanyaga kwa miguu mitupu.

Watu hudhani kazi ni kutandika nyasi, ilhali nyasi huchukua nusu siku. Kazi yenyewe iko chini. Tulichimba kiasi cha sentimita 12, mimi na mpwa wangu, na katika pembe moja jembe likagonga tumbawe, tukalazimika kulivunja kwa sururu siku nzima. Tukatandaza kitambaa cha kuzuia magugu kinachopitisha maji, juu yake sentimita 8 za kokoto, kisha sentimita 3 za vumbi la kokoto, tukinyunyiza maji na kushindilia kila tabaka. Phoenix mvua ni chache, na msingi naujenga nikifikiria zaidi uzito wa watu. Mombasa kuna masika, na mvua ya Mei inaweza kuugeuza ua kuwa bwawa kwa saa moja. Ndiyo maana uso wote tuliuinamisha sentimita moja kwa kila mita, kwa uzi na pima maji.

Hapo ndipo Baba, aliyekuwa ameketi kitini akitutazama, alipotaka birika. Akamwaga maji polepole juu ya vumbi lililoshindiliwa, akayafuata kwa macho. "Palipokwenda maji ndipo mpira utakapokwenda," alisema, na akatuonyesha bonde ambalo uzi wangu haukuliona. Tulilijaza. Kisha akaomba mwinamo uelekee ukuta wa upande wa bahari, kwa kuwa kwa imani yake mpira wa grini za klabuni huvutwa na bahari, naye alitaka mkono wake ukute mambo uliyoyazoea.

Mashimo tuliweka mawili, kila moja likiwa na kipenyo cha milimita 108, kipimo kile kile cha viwanja vyote duniani. Vikombe vyake nilivitoboa chini na kuvikalisha juu ya kokoto, kwani kikombe kinachotuama maji Mombasa ni kitalu cha mbu, na sikutaka kumletea Mama malaria kwa jina la zawadi.

Mchanga wa kunyunyiza katikati ya nyuzi ulinichelewesha siku tatu. Muuzaji mmoja aliniletea mchanga wa ufuoni uliojaa vipande vya makombe, nikaurudisha, kwa sababu unabeba chumvi na punje zake hugandamana. Nilihitaji mchanga safi, mkavu, wa punje za mviringo, kilo 10 hivi kwa kila mita ya mraba, nao huingizwa kidogo kidogo kwa kusugua na ufagio mgumu mpaka nyuzi zisimame. Mchanga ukiwa mchache mpira huburuta. Ukizidi, mpira hukimbia.

Nilirudi Arizona wiki moja kabla ya mwezi wa Machi kumalizika. Mvua kubwa ya kwanza iliponyesha, Mama alinitumia video saa moja asubuhi ya kwao, kwangu ikiwa saa tatu usiku wa jana yake. Maji yaliteremka ukutani kama tulivyokusudia, isipokuwa karibu na lile tumbawe, ambako ardhi ilikuwa imezama na kuacha dimbwi la ukubwa wa sahani. Nilimwelekeza mpwa wangu kwa simu: ang'oe misumari ya ukingo huo, akunje nyasi bila kuzivunja, aongeze vumbi la kokoto, anyunyize maji, ashindilie, arudishe. Alipomaliza, Baba alitaka birika tena kabla ya kuruhusu msumari wa mwisho kupigiliwa.