Mbuzi wa Hawe

Mvua za mwisho wa mwaka 2006 zilikataa kukatika. Mto Sabaki ulijaa pomoni, vidimbwi vikatanda mashambani, na huku bara ya Malindi mbu walituuma mchana kweupe. Redio zikawa zinataja Homa ya Bonde la Ufa huko Garissa.

Mimi nilikuwa nimemaliza masomo ya mifugo, kazi bado sijapata. Kila Jumamosi nilijitolea kuwafunza watoto wa chama cha 4-K, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Darasa letu lilikuwa zizi la hawe mmoja, yaani bibi mzee, mwenye mbuzi kumi na wanne. Nilikuwa nimewafunza kwamba dawa ya kupe haitiwi kwenye chupa ya soda hata siku moja, kwamba anayenyunyiza dawa huupa upepo mgongo, na kwamba ng'ombe hakaribiwi kwa nyuma. Kuzalisha mnyama sikukugusa. Niliona ni mambo ya wakubwa.

Jumamosi moja ya Januari 2007 nilichelewa. Nilipofika, mjukuu wa hawe, kijana wa darasa la sita, alikuwa amepiga magoti nyuma ya mbuzi, damu imemfika viwikoni.

"Mwalimu, ametupa mimba, lakini kondo la nyuma limekwama," akasema kwa fahari. "Hawe alinionyesha jinsi ya kuvuta."

Nilimpigia kelele aache. Akashtuka, macho yakamjaa machozi, na hadi leo kelele zile zinaniuma. Mtoto alikuwa akimwokoa mnyama kwa ujuzi aliorithi kwa bibi yake. Homa ile ya Bonde la Ufa huenezwa na mbu, lakini pia hupita kwenye damu na maji ya mnyama aliyeharibu mimba. Mayai ya mbu wake hukaa kwenye udongo mkavu miaka kadhaa yakingoja mafuriko kama yale. Yote hayo niliyajua, nikakaa nayo.

Tulimwosha mikono kwa sabuni na maji mengi, mara tatu, tukakitazama kila kidole kama kina mkwaruzo. Kimoja kilikuwa nao.

Mbuzi alikuwa hoi. Mtoto wa kiume wa hawe akatoka ndani na kisu. "Achinjwe kabla hajawa kibudu," akasema, na kwa kweli nani angemlaumu? Nyama ni mali, na mbuzi yule ilikuwa karo ya mtu. Lakini kumchinja mnyama mgonjwa ndiko kuoga damu yake. Nilimweleza hawe, safari hii kwa sauti ya chini, mbele ya watoto wote: anayechinja ndiye wa kwanza kuhatarika, anayechuna wa pili, hata anayekata nyama kabla haijapikwa.

Hawe alinyamaza kitambo. Kisha akaniuliza, "Na mbuzi akishindwa kuzaa, mwanangu, tumwache afe tukimtazama?"

Swali hilo ndilo nililopaswa kulijibu miezi iliyopita. Basi somo likaanza hapo hapo. Glavu hatukuwa nazo. Nilivaa mifuko ya nailoni mikono yote miwili, nikaifunga kwa kamba juu ya viwiko. Nikawaonyesha jinsi ya kukiokota kijusi bila kukigusa, jinsi ya kuivua mifuko kwa kuigeuza ndani nje, na kwamba maziwa yachemshwe hata kama mbuzi aonekana mzima. Wavulana walichimba shimo la kuwafika kiunoni. Alasiri mbuzi alikufa, tukamzika mzima pamoja na kijusi, na hawe mwenyewe akaangalia hadi udongo wa mwisho.

Ugonjwa hujitokeza kati ya siku mbili na sita. Kwa siku sita nilikwenda kila asubuhi kumshika kijana yule paji la uso, nikimuuliza kama kichwa kinamuuma, kama viungo vimelegea. Hakuna aliyempima mbuzi, kwa hiyo sikupata kujua alikufa kwa nini. Kufikia Machi, homa ile ilikuwa imeua watu zaidi ya 150 nchini Kenya.

Siku ya saba sikumkuta nyumbani. Alikuwa kwa jirani, mbuzi mwingine alikuwa anazaa, na hawe alinionyesha msumari ukutani alikokuwa ametundika mifuko ya nailoni: yote ilikuwa imechukuliwa.