Saa 24 za Kusalimisha Bunduki

Nafanya kazi ya ukalimani mahakamani, California, na miongoni mwa maneno ninayolazimika kuyageuza kwa Kiswahili papo kwa papo, lililonisumbua kwa muda mrefu zaidi ni lile linalomtaka mtu aliyewekewa amri ya zuio, yaani amri ya mahakama ya kukaa mbali na anayemlalamikia, aachane na silaha zake. “Kukabidhi” ni neno jepesi mno, maana hata funguo hukabidhiwa; “kusalimisha” lina harufu ya vita, na wapo wanaolisikia wakadhani wametekwa. Nimeamua kubaki na la pili.

Siku moja jaji alikuwa akipekua jalada la kesi ya ukatili wa nyumbani, akamuuliza mlalamikiwa ilipo stakabadhi ya kusalimisha bastola mbili zilizotajwa katika maombi ya mkewe. Yule bwana, ambaye alikuwa amesikiliza kwa adabu tangu mwanzo, alijibu bila kusita: “Nilikuwa nawasubiri waje kuzichukua.” Nilitafsiri neno kwa neno, kama kazi yangu inavyodai, na chumba kizima kikanyamaza. Amri ya muda alikuwa ameipokea wiki mbili kabla, mkononi mwa jirani.

Jibu lile si la kijinga hata kidogo, na ndilo lililonifanya nianze kusoma miongozo ya polisi kuhusu jambo hili. Sheria ya familia ya California inasema kwamba afisa anayempelekea mtu amri ya zuio inayoonyesha kuwa ana silaha ni lazima amtake azitoe hapo hapo, pamoja na risasi. Asipotakiwa na afisa, ana saa 24 tangu alipopokea amri kuzipeleka polisi, au kuziuza au kuziweka kwa mfanyabiashara wa silaha mwenye leseni, na kabla ya saa 48 kupita anapaswa awe amewasilisha stakabadhi mahakamani. Lakini sheria hiyo hiyo inaruhusu amri ipelekwe na mtu mzima yeyote asiye sehemu ya kesi. Jirani anaweza kubisha hodi na kutoa karatasi. Hawezi kumwambia mwenye nyumba atoe bastola, na mimi nisingemshauri ajaribu. Kwa hiyo namna karatasi ilivyofika ndiyo inayoamua kama kuna mtu yeyote atakayeiulizia bunduki siku ya kwanza, ambayo kwa mwanamke aliyetoka tu kushtaki ndiyo siku ya hatari. Ofisi ya sherifu, yaani polisi wa kaunti, hupeleka amri za ukatili wa nyumbani bila malipo, na kwa maoni yangu mwongozo wowote wa polisi ambao hauanzii hapo, kwa kumtaja afisa atakayeuliza, atakayeandika jibu na atakayefuatilia stakabadhi isipofika, ni mwongozo nusu.

Wengi hudhani sheria ya shirikisho imeshamaliza kazi hiyo. Tangu 1994 inamkataza kumiliki bunduki mtu aliyewekewa amri ya namna hii baada ya kupewa taarifa na nafasi ya kusikilizwa, na Juni 2024, katika kesi ya Rahimi, mtu aliyewekewa amri kama hiyo, Mahakama Kuu ya Marekani iliridhia katazo hilo kwa kura 8 dhidi ya 1. Ila sheria hiyo inakataza tu, haisemi nani aende kuchukua. Afisa naye hawezi kuingia ndani na kupekua kabati kwa sababu tu amri ipo. Mtu akikaidi, njia ni kuomba hati ya upekuzi kwa jaji, na California imeweka kifungu mahususi kwa ajili hiyo. Kifungu hicho hakina faida katika kituo ambacho hakuna anayejua kuwa stakabadhi haikufika.

Kuhusu kinachotokea polisi wanapoachiwa waamue wenyewe, kesi ya Castle Rock, Colorado, haijapata kuniondoka. Jioni moja ya Juni 1999 mume wa Jessica Gonzales aliwachukua binti zao watatu kinyume cha amri ya zuio. Mama alipiga simu polisi, akaambiwa asubiri hadi saa nne usiku. Ilipofika, akaambiwa asubiri hadi saa sita. Mwishowe alikwenda kituoni mwenyewe, na afisa aliyeandika maelezo yake akaenda kula. Alfajiri, saa tisa na dakika 20, mume alifika kituoni na kufyatua risasi kwa bastola aliyoinunua jioni ile ile, akauawa na polisi. Watoto walikutwa wamekufa ndani ya gari lake. Mwaka 2005 Mahakama Kuu iliamua, kwa kura 7 dhidi ya 2, kwamba Katiba haikumpa mama huyo haki ya kudai amri yake itekelezwe na polisi.

Ndiyo maana nasoma miongozo ya vituo kwa jicho la karani. California angalau imefunga baadhi ya mianya: afisa mwenye sababu za msingi za kuamini kwamba amri imevunjwa anapaswa kumkamata mtu huyo hata kama hakushuhudia tendo lenyewe, na hata ikiwa mlalamikaji ndiye aliyemkaribisha nyumbani, amri inabaki na nguvu mpaka mahakama iibadilishe.

Siku ile jaji alitoa amri mpya palepale, akaagiza polisi wajulishwe, na karani akaandika muda wa kupokewa kwake: 10:40. Nikamfikishia bwana yule kwamba mwisho wake ni kesho saa nne na dakika 40 asubuhi. Akatazama karatasi, akanitazama mimi. “Hapa wameandika kumi,” akasema. “Si jioni hiyo?” Nikaomba ruhusa ya jaji kueleza, na karani akaandika tena kwa maneno: asubuhi.