Nyara zikishikwa Manyoni na mnunuzi yuko nje ya nchi

Malori yanayotoka Kigali na Bujumbura kwenda bandari ya Dar es Salaam hupita Singida, Manyoni na Dodoma. Kusini mwa barabara hiyo liko Pori la Akiba Rungwa. Uchunguzi wa vinasaba wa Samuel Wasser na wenzake, uliotolewa mwaka 2015, ulionyesha kwamba kuanzia 2011 ujangili ulikuwa ukihamia kaskazini kuelekea Ruaha na Rungwa. Meno yakikamatwa njiani hapo, huenda tembo aliuawa kwetu, lakini mwenye pesa yuko nchi nyingine. Anayefungwa ni mbebaji, kifungo kisichopungua miaka 20, na mnunuzi anaendelea kununua. Hilo linatuuma, maana mara nyingi huponea kwenye makosa yaliyofanyika saa za kwanza za ukamataji.

Hati ya ukamataji ijazwe palepale, isainiwe na mtuhumiwa, askari na shahidi huru. Kuandika "vipande vitatu vya meno ya tembo" hakutoshi. Kila kipande kiandikiwe urefu, uzito, rangi, nyufa na namba yake. Utaratibu wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ni msimbo wa nchi ya asili, tarakimu mbili za mwaka, namba ya mfululizo na uzito kwa kilo, mfano TZ 24/127/14. Unahusu meno mazima ya ukubwa wowote, na vipande vyenye urefu wa sentimita 20 na uzito wa kilo 1 kwenda juu. Usiandike TZ kwa mazoea kama mzigo umetoka ng'ambo ya mpaka. Tumia kwanza namba ya kielelezo ya kituo, na ibaki ileile kwenye hati, daftari la mtunza vielelezo, hati ya tathmini na barua ya maabara. Tarakimu moja ikipishana, wakili wa utetezi ameshapata pa kuanzia.

Makabidhiano nayo yaandikwe: nani katoa, nani kapokea, tarehe, saa. Mahakama ya Rufani ilisisitiza hilo katika Rufaa ya Jinai Na. 110 ya 2007. Baadaye imelegeza kidogo kwa vitu visivyochezewa kirahisi, meno ya tembo yakiwemo, lakini hakimu wa nchi nyingine hafungwi na ulegevu huo.

Mzigo ukifika kilo 500, CITES inataka sampuli zipelekwe kwenye uchunguzi wa vinasaba ndani ya siku 90. Kabla ya kukata, panga meno kwa jozi. Jozi iliyokamilika chukua jino moja tu. Yasiyo na wenzake yape kipaumbele, kwa sababu mwenzake huenda yumo kwenye kontena lililokamatwa bandari nyingine. Ndivyo watafiti walivyounganisha shehena zilizoonekana hazihusiani na kufikia mitandao michache iliyozisafirisha.

Simu ndiyo inayomfikia mnunuzi, na ndiyo inayoharibiwa zaidi. Askari asiifungue kuperuzi ujumbe. Aikatie mtandao, aandike IMEI (namba ya utambulisho wa simu yenyewe) na namba za laini, aifunge kwenye mfuko wenye lakiri, aipeleke kwa mtaalamu.

Hapa ndipo kesi nyingi hupotea: taarifa inachukuliwa kuwa ushahidi. Jibu lililokuja kwa njia ya Interpol, au kupitia Kikosi Kazi cha Mkataba wa Lusaka, ambao ni mkataba wa nchi za Afrika dhidi ya biashara haramu ya wanyamapori, kilichoko Nairobi, linakuonyesha pa kutafuta na kukuwezesha kuomba kumbukumbu zisifutwe. Ushahidi wa kupeleka mahakamani unaombwa kupitia Mwanasheria Mkuu wa Serikali, chini ya Sheria ya Kusaidiana katika Masuala ya Jinai, Sura ya 254. Anza njia zote mbili wiki ileile. Ukisubiri upelelezi ukamilike, kampuni ya simu inaweza kuwa imeshafuta miamala.

Kwenye ombi, eleza kitendo kabla ya jina la kosa. "Nyara za serikali" ni msamiati wa sheria yetu. Jirani anaweza asiwe nao, akajibu kwamba kosa hilo kwake halipo. Andika "kumiliki meno ya tembo bila kibali", ambatanisha kifungu cha sheria na utaje adhabu ya juu. Ikiwa ni miaka 4 au zaidi na kuna kundi lililopangwa, mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya uhalifu wa kupangwa unaovuka mipaka unaweza kutumika. Taja namba ya simu husika, kuanzia tarehe ipi hadi ipi, uhusiano wake na mtuhumiwa, tarehe ya kesi, na namna nyaraka zithibitishwe. Ombi la "taarifa zote" hurudi tupu.

Mwisho, ridhaa ya Mkurugenzi wa Mashtaka, pamoja na hati ya kuipa mahakama ya chini mamlaka, ziwe kwenye jalada kabla mshtakiwa hajasomewa shtaka la uhujumu uchumi, kundi ambamo makosa ya nyara huwekwa, ili ajibu. Zikikosekana au zikitaja kifungu kisicho sahihi, mwenendo mzima unaweza kufutwa na kesi kuanza upya, na shahidi aliyesafiri kutoka Bujumbura kuja Dodoma itabidi aombwe kuja tena.